Ampli ya lampe inalia muzuri, lakini nani ataifungua?

Wenzangu, kila mara vijana wa muziki hapa Lubumbashi wanapozungumza juu ya ampli, hukumu inakuwaka paka moja: inalia namna gani? Mutu anafungua video, anasikiliza gitaa iliyorekodiwa ndani ya studio ya Marekani, anaituma kwa WhatsApp ya orkestra ao ya korali, na kesho yake batu banaanza kuchanga dola. Ampli inafika, inalia kweli. Miezi sita kiisha, imekuwa meza ya kuwekea biblia na chupa za maji.

Ninataka kupinga ile namna ya kuhukumu. Sisemi kama ampli ya lampe ni kitu kibaya. Ninasema kwamba urahisi wa kuitunza ni sehemu ya ubora wake, sawa vile sauti. Mutu anayesifu "joto" la sauti na haonyeshi ginsi lampe zinatolewa, ao vile utafikia fyuzi, amehukumu nusu ya kitu. Na hapa kwetu ile nusu ingine njo yenye kula mafranga.

Kwa wale ambao hawajaiona karibu: lampe ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa. Ndani kuna waya unaopashwa moto, ule moto unapasha kathodi, kathodi inatupa elektroni, na elektroni zinavutwa na bamba lenye volti 300, 400 ao zaidi. Katikati kuna wavu mdogo, ule Lee de Forest aliongeza mwaka 1906, wenye kuzuia ao kuachilia elektroni kufuatana na sauti inayoingia. Sasa kitu kinachoishi kwa kupashwa moto kinazeeka pia kwa kupashwa moto. Lampe iko sawa mupira wa gari. Hata kama dereva ni muzuri, siku moja itakwisha tu, na aliyenunua gari bila kuhesabu mipira hajui bei ya gari yake.

Tuhesabu basi. Lampe ndogo za mbele, zile ECC83 ambazo Wamarekani wanaita 12AX7, zinaweza kufika masaa 10000. Lampe za nguvu, kama EL34, EL84 ao 6L6, kwa kawaida tunazihesabia masaa 1500 mpaka 2500, kufuatana na vile zinasukumwa. Korali inayopiga masaa ine, mara tatu kwa juma, inafika masaa 600 na kitu kwa mwaka. Seti moja inaweza kushika miaka mitatu. Orkestra inayorudia masaa sita kila siku inamaliza masaa 2000 mbele ya mwaka kuisha. Ni ampli ile ile, lakini mmoja ananunua lampe mara tatu wakati mwenzake ananunua mara moja. Video haikuambie hiyo.

Sisi tuliosoma agronomia hii hesabu haitushangaze. Hakuna mutu mwenye akili anayechagua mbegu ya mahindi kwa kuangalia paka tani kwa hektari. Unauliza pia: mbolea itatoka wapi, mwaka ujao nitapanda tena nafaka yangu ao nitarudi kununua, na mvua ikichelewa itakuwa je? Mbegu ya hibridi yenye kuzaa sana, kwa mkulima asiye na njia ya kununua ingine kila mwaka, ni mbegu ya mwaka moja. Kwa nini sasa tukifika kwa ampli tunasahau masomo yetu yote?

Kuna tena umeme. Hapa karibu kila kitu kiko chini ya sheria ya delestaje na ya volti zenye kupanda na kushuka, na lampe inasikia ile kuliko vifaa vingi. Waya wake wa moto, kwa lampe nyingi, unataka volti 6,3, na vitabu vya viwanda vinakubali tofauti ya asilimia 10 hivi, juu ao chini. Transfo ya kawaida ya ampli haisawazishe kitu, inagawanya tu. Kama imetengenezwa kwa volti 220 na mtaa wako unapata 180 saa moja ya mangaribi, ule waya unapata volti 5,15. Kathodi haifike moto wake, sauti inalegea, na ukiendelea hivyo mingi, kathodi inaharibika. Usiku wa manane, wakati batu bamelala na umeme umepanda mpaka 250, waya unapata volti 7,16, na lampe inazeeka haraka. Kwa hiyo stabilizateri si anasa. Ni sehemu ya ampli, na bei yake inafaa kuingia ndani ya bei ya ampli tangu siku ya kwanza ya kuchanga. Mwenye kuleta ampli iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani ataongeza transfo ya kushusha, na kila kisanduku kinachoongezeka ni kisanduku kingine cha kuharibika.

Sasa tuchukue ampli tatu zenye jina tuzihukumu vile ninavyotaka.

Vox AC30, ya Uingereza, ilitoka mwisho wa miaka ya 1950. Lampe ine za EL84. Jambo lake la kusifiwa ni kwamba mkondo wa kupumzika wa lampe, ile mafundi wanaita bayasi, unajirekebisha wenyewe kwa rezistansi iliyo chini ya kathodi. Unatoa lampe za zamani, unaingiza ine mpya zilizopimwa pamoja, kazi imekwisha; hakuna kuzungusha kitu, hakuna kupima kati ya volti za kuua. Kwa mji ambao mafundi wa lampe wanahesabiwa kwa vidole, ile ni fazila kubwa. Lakini angalia upande mwingine: zile EL84 zinafanya kazi karibu na mwisho wa nguvu zao, zinawaka moto sana, zinakwisha haraka. Na kwa sababu zote ine zinagawana rezistansi moja, moja ikikufa, tatu zilizobaki zinabeba mzigo wake. Mwanamuziki anayesema "bado inalia, tumalize kwanza mwezi" anaua zile zingine. Matoleo mengi ya siku hizi yamejengwa juu ya karte, na kufika chini ya ile karte inaomba uvumilivu wa kuhani.

Vox wenyewe walishajifunza somo la matunzo zamani. AC30 za kwanza zilikuwa na lampe moja ya mbele iitwayo EF86, yenye sauti nono ambayo wapenzi wanailia mpaka leo. Tatizo: ndani ya sanduku moja na bafle zinazotikisika, EF86 ilikuwa inaanza kupiga kelele yenyewe, inachoka haraka. Wakaitoa, wakaweka ECC83. Walipoteza kiloko ya ule unono, wakapata ampli inayomaliza tamasha. Kwangu, ule ni uamuzi wa sauti kabisa, kwa maana ampli iliyonyamaza katikati ya wimbo haina sauti ya kulinganisha.

Fender Hot Rod Deluxe ya 1996 ni habari nyingine. Wati 40, lampe mbili za 6L6, inapatikana mahali pengi kwa mkono wa pili, na mingi zinafika Afrika. Bayasi yake inarekebishwa, lakini kidude cha kuzungusha kiko ndani, lazima ufungue. Karte yake inabeba rezistansi mbili za wati 5 zenye kuwaka moto mpaka sudure zake zinapasuka na miaka. Ni ugonjwa unaojulikana na mafundi wa dunia nzima. Ubaya? Kwa Ulaya, ndiyo, ni ubaya. Kwa Lubumbashi ninaihukumu kwa huruma zaidi: ugonjwa unaojulikana, wenye dawa ya rezistansi mbili za bei ndogo na sudure safi, ni afazali kuliko ugonjwa wa siri ndani ya ampli ya bei kali ambayo hakuna mutu ameichora mchoro wake. Mchoro wa Hot Rod unaupata bila shida. Mimi ningeweka hiyo juu ya orodha, mbele ya wati.

Ya tatu si ya gitaa, ni ya kusikilizia musiki nyumbani: Dynaco Stereo 70, ya David Hafler, iliyotoka Philadelphia mwaka 1959. Ile njo ningependa kila mwanafunzi wa politekniki aione. Iliuzwa mingi kama vipande vya kujijengea, na kitabu cha kumuonyesha mtu asiye fundi waya gani uende wapi. Mutu aliyeijenga kwa mikono yake anajua kuifungua. Kisha mbele wameweka soketi mbili zenye jina Biaset: unaingiza ncha za multimetri, unazungusha kidude kilicho karibu mpaka usome volti 1,56, halafu unafanya vile vile upande mwingine. Huifungui, huipindui, hugusi volti 400. Katika ampli za leo zenye bei mara kumi, ni ngapi zinakupa heshima kama ile?

Lakini Dynaco hiyo hiyo ina ubaya ambao ulifichwa na wakati. Lampe zake za mbele ni 7199, aina ambayo vyombo vichache tu vilitumia. EL34 zake bado zinatengenezwa leo. 7199 imekuwa adimu na bei yake imepanda, na wenye Dynaco wamelazimika kutumia adapta ya kuingiza lampe ingine, ao kubadilisha karte nzima ya mbele. Ampli yenye matunzo mepesi kuliko zote ikashikwa kwa lampe moja isiyo na ndugu. Kwa hiyo nikiona ampli, ninasoma kwanza majina ya lampe. ECC83, ECC82, EL34, EL84, 6L6, 6V6: hizi ziko na viwanda vingi na wanunuzi wengi. Jina ambalo hulijui, na muuzaji anakuambia "ni ya pekee," ukimbie. Upekee wa piese ni mateso ya mbele.

Hata zile za kawaida haziko na njia nyingi. Lampe mpya za ampli duniani zinatoka hasa nchi tatu: Slovakia, China na Urusi. Machi 2022, nyuma ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilifunga kutuma lampe inje. Kiwanda cha Saratov, ambacho kinatoa Sovtek na Electro-Harmonix, kikaguswa, na wanamuziki wa Marekani na Ulaya wakakimbilia kununua zilizobaki. Baadaye njia ikafunguka tena. Lakini mutu wa Katanga, ambaye kila piese yake inapita Kasumbalesa ao inakuja ndani ya valizi ya ndugu, afanye kazi kama mwenye shamba: seti moja ndani ya ampli, seti moja ndani ya kabati, imefungwa vizuri mbali na vumbi.

Kuna snobu moja ambayo sitaki iniponyoke. Wanaosema ampli ya kweli ni ile iliyofungwa waya kwa waya kwa mkono, bila karte. Ni kweli kwamba ile inatengenezeka kirahisi: unaona kila piese, unatoa moja bila kugusa jirani. Lakini bei yake ni ya wenye bei. Karte iliyopangwa na akili haina ubaya. Swali langu ni moja tu: soketi za lampe za nguvu zimefungwa juu ya chuma cha sanduku, ao zimesudewa juu ya karte yenyewe? Zikiwa juu ya karte, moto na kule kuingiza na kutoa vinaila karte polepole. Zikiwa juu ya chuma, utabadilisha lampe miaka mingi. Hapo, bila kusikia hata noti moja, unaweza tayari kuchagua.

Na wenye kufikiri kama haya yote ni mawazo ya watu masikini, niwapeleke hapo jirani, Lusaka. Mwaka 1949 Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa habari wa serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, alitafuta kiwanda Uingereza kimutengenezee radio ambayo mwafrika wa kijijini anaweza kuinunua na kuishika. Ever Ready wakakubali. Ikatoka Saucepan Special: sanduku lake ni sufuria ya aluminiumu yenye upana wa inchi tisa, imepakwa rangi ya bluu, ndani yake lampe ine, bei paundi 5, na batri ya kununua peke yake kwa paundi moja na shilingi 5, yenye kushika masaa 300 hivi. Nia ya serikali ninaijua: walitaka sauti yao ifike vijijini. Lakini kama kazi ya kuchagua, ile radio inanifundisha kuliko makala yote ya ampli niliyosoma. Walianza na swali la mahali: hakuna umeme, kuna vumbi, kuna wadudu, duka liko mbali. Sauti ilikuja nyuma. Na sauti ilitosha: batu bakakaa kuizunguka, wakasikiliza Kibemba chao, hata neno "wayaleshi" likaingia ndani ya lugha.

Saucepan ilikufa wakati transistor ilifika, na hapo njo mtanirudishia swali: basi kwa nini usitushauri transistor tu? Ninawashauri, mara nyingi. Kwa kanisa linalotaka sauti ya mhubiri ifike nyuma, ampli ya transistor, ao ile ya kisasa nyepesi yenye kukubali volti 100 mpaka 240 bila kununa, inashinda lampe kabisa. Lakini zile nyepesi zikikufa, mingi huzitengenezi, unazitupa. Lampe ina wema huu: karibu kila kitu ndani yake ni kikubwa, kinaonekana, kinapimika, na chenye kukufa sana kimewekwa juu ya soketi ili utoe kwa mkono. Ni kifaa cha kutunzwa. Mutu asiyetaka kutunza asikinunue.

Kinshasa wameonyesha umbali wa hii fikra. Konono N°1, ya marehemu Mingiedi Mawangu, walipiga likembe kwa makrofoni waliyojitengenezea na sumaku za vipande vya gari za zamani, na kwa bafle za kupigia mbiu. Mwaka 2004 Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa Congotronics, na wakosoaji wa Ulaya wakasikia ndani ya ule mkwaruzo roki na muziki wa elektroniki. Wako na haki ya masikio yao. Mimi ninasikia kwanza vyombo ambavyo, vikikufa usiku, mwenye kuvipiga anaweza kuvirudisha asubuhi. Mkwaruzo ulifuata. Wakosoaji waliandika mingi juu ya mkwaruzo, kiloko juu ya zile sumaku.

Inabaki jambo la mutu mwenyewe. Depaneri wengi wa umri wetu wamezoea simu, televizio na vifaa vya volti ndogo. Ampli ya lampe ikiisha kuchomolewa ukutani, kondansateri zake kubwa zinaweza bado kushika volti 400, na mkono ukigusa, zinakuua. Hii siyo mfano wa kuongea. Fundi apime kwanza na multimetri, atoe ule umeme kwa rezistansi, apime tena, mkono moja ubaki mbali na chuma. Kama orkestra yenu inachanga kwa ampli na haichange kwa kumlipa fundi mwenye kujua hii, munatuma kijana wa watu kufa kwa bei ya soda. Na ninyi wenyewe mujue moja: ampli ya lampe haiwashwe bila bafle kuungwa nyuma, hata "kujaribu tu." Transfo ya kutoa sauti inaungua, na ile ni piese ya bei kuliko lampe zote pamoja.

Chama chetu kikianza kuchanga kwa ajili ya ampli ya sherehe za mwisho wa mwaka, ninaomba bajeti iandikwe hivi: ampli, stabilizateri, seti ya pili ya lampe za nguvu, ECC83 mbili, fyuzi kumi za kipimo kile kile, mchoro uliochapishwa na kuwekwa ndani ya plastiki, na mafranga ya fundi ya mwaka wa kwanza. Kama jumla inapita mfuko, tushushe bei ya ampli, tusiguse hayo mengine. Siku ya kwenda kuiona, tubebe bisibisi na taa ya simu. Tuombe mfuniko wa nyuma utolewe mbele ya mutu yeyote kuunga gitaa, tusome majina ya lampe, tuangalie soketi ziko juu ya nini, tuangalie volti zilizoandikwa karibu na waya. Gitaa iungwe nyuma ya hayo.